Kipimo kinasema udongo umelowa, vitunguu vinanyauka. Nifanyeje wakuu?

Shamba_Darasa: Wakuu habari za humu. Nina eka moja na nusu ya vitunguu, nikanunua kale ka kipimo ka unyevu ka kuchomeka ardhini. Kila nikichomeka mshale unasimama 8 kati ya 10, nikajua maji yapo, nikaruka zamu mbili za mfereji, leo majani yamelala chini kama yamemwagiwa maji ya moto. Kipimo kibovu au ni ugonjwa?

BiMchicha: Thripsi hao, wale wadudu wadogo wa kufyonza majani. Mimi walinimalizia bustani nzima mpaka ng'ombe wa jirani akapita bila kugeuka. Piga dawa.

FundiWaya: Kina betri? Na shamba lipo wapi?

Shamba_Darasa: Hakina. Mang'ola.

FundiWaya: Mang'ola upande wa Ziwa Eyasi? Udongo ukikauka unatoa unga mweupe juu?

Shamba_Darasa: Kidogo. Ila huku magadi kila mtu anayo na tunavuna.

FundiWaya: Ungeanza na hilo! Hiyo miguu miwili ya kipimo chako ni metali tofauti, inazalisha umeme wake yenyewe, na chumvi inapitisha umeme hata maji yakiwa kiduchu, kwa hiyo unapima chumvi ndugu yangu. Vipo vipimo vingine vinavyopima jinsi udongo unavyohifadhi chaji: ukihesabu hewa kuwa 1, udongo mkavu ni 3 mpaka 5, maji kama 80, tofauti inaonekana. Navyo chumvi nyingi inavisumbua, na ukiacha uwazi pembeni vinasoma pakavu.

Mzee_wa_Zamu: Vijana bwana. Babu alikuwa anafinya udongo basi.

Shamba_Darasa: Sawa ila si nikikizoea nitajua 8 yake ni 4? Maana nimeshatoa advansi ya vingine kumi, vya kikundi.

FundiWaya: Hela ya nani?

Shamba_Darasa: Ya kikundi. Mimi ndo mhazini.

Jicho_Pembeni: Ngojeni. Huyu si ndo mwezi jana alikuwa anafuga sungura Mbeya? Subirini namba ya simu ya kuuza vipimo.

Shamba_Darasa: Sungura ni wa shemeji, alitumia simu yangu!

BiMchicha: Hao sungura wanauzwa bei gani?

FundiWaya: Tuthibitishe. Chimba kiganja kimoja, finya, lete jibu.

Shamba_Darasa: Nimefinya. Umemwagika wote kama unga wa sembe. Nimechomeka hapohapo, 8.

Mzee_wa_Zamu: Fungulia mfereji kwanza, kikundi utakijibu jioni.