Mkandarasi ameondoa ulinzi wa SELinux kwenye vlock, kisha ametukabidhi ripoti isemayo kila kitu ni salama

Wakuu, habari za kazi. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, kwa sababu kilichofanyika kwenye seva zetu nimeshakiona kwa mafundi wengine pia, na ninaamini wengi humu mnakaa na seva za namna hiyo bila kujua.

Taasisi ninayofanyia kazi, ambayo sitaitaja, kama ambavyo sitamtaja mkandarasi, iliamua seva zake za RHEL 8 (mfumo endeshi wa Linux wa kampuni ya Red Hat) ziimarishwe kwa kufuata STIG, yaani mwongozo wa usalama unaotolewa na DISA, wakala wa mifumo ya habari ulio chini ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Mwongozo huo, katika toleo tulilokubaliana, unataka terminali ya msimamizi iendeshwe ndani ya tmux, programu ya kusimamia vipindi vya terminali, na ikikaa sekunde 900 bila kuguswa ijifunge yenyewe kwa programu ya vlock, isifunguke mpaka mwenyewe aandike nenosiri lake. Unataka pia anayekosea nenosiri mara 3 ndani ya sekunde 900 afungiwe akaunti, kazi inayofanywa na moduli ya PAM, mfumo wa Linux wa kuthibitisha watumiaji, iitwayo pam_faillock. Kwa kuwa saraka ya kawaida ya moduli hiyo iko chini ya /var/run na hufutika seva inapowashwa upya, mkandarasi aliihamishia /var/log/faillock ili hesabu ya makosa isipotee. Mpaka hapo sina ugomvi naye.

Ugomvi unaanzia kwenye lebo. SELinux, ngao ya ziada ya Linux ambayo NSA, wakala wa usalama wa taifa wa Marekani, waliitoa hadharani Desemba 2000 na ikaingizwa rasmi kwenye kerneli (kiini) ya Linux katika toleo la 2.6, haijali faili ni la nani wala mwenye faili ameruhusu nini. Inaangalia lebo (alama ya aina) ya mchakato, yaani programu inayoendeshwa, na lebo ya faili, na lisiloruhusiwa waziwazi na sera linakataliwa hata kama mwenye faili angependa lipite. Wasimamizi wetu wamepangiwa staff_u, aina ya mtumiaji wa SELinux mwenye mipaka, kwa hiyo vlock inapoanzishwa huingia kwenye eneo lake lenyewe, vlock_t, ambalo limeruhusiwa mambo machache tu: kuzungumza na PAM, kutumia terminali ya mtumiaji, kutuma taarifa kwenye kumbukumbu za mfumo, na mengine madogo ya aina hiyo. Saraka mpya ilitakiwa ipewe lebo ya faillog_t. Haikupewa. Ilirithi var_log_t kutoka kwa saraka mama, na vlock ikazuiwa kuandika humo.

Matokeo yake ndiyo yaliyonitia hofu. Nilikaa mbele ya skrini iliyofungwa nikaandika nenosiri la uongo tena na tena, kupita kikomo cha mara 3, na akaunti haikufungwa. Amri ya faillock ilipoulizwa habari za mtumiaji huyo haikuonyesha kosa hata moja. Moduli ile inapokataliwa kufungua faili la hesabu haimzuii mtu. Inaendelea kana kwamba mtumiaji hana rekodi yoyote mbaya. Yaani kufuli lipo, linaonekana, linadai nenosiri, lakini yeyote mwenye muda wa kukaa kwenye kiti cha msimamizi anaweza kubahatisha mpaka apatie. Na taarifa haikufichwa. Kwenye /var/log/audit/audit.log kulikuwa na mistari iliyojaa neno denied, comm="vlock", scontext (lebo ya mchakato) yenye vlock_t na tcontext (lebo ya kilichoguswa) yenye var_log_t. Amri moja tu ya ausearch, inayotafuta ndani ya kumbukumbu hizo, ingewaonyesha hayo kabla hawajaandika ripoti.

Nililalamika kwa maandishi. Walirudi, wakafanya kazi yao, wakasema tatizo limeisha. Nilijaribu tena na kweli makosa yalihesabiwa, akaunti ikafungwa. Lakini kumbukumbu za ukaguzi ziliendelea kuandika makatazo yale yale, safari hii yakiishia na permissive=1. Niliendesha semanage permissive -l, amri inayoorodhesha maeneo ambayo SELinux imeacha kuyazuia, na vlock_t ilikuwa imeorodheshwa pale. Hawakugusa lebo. Waliiambia kerneli iache kuizuia vlock kwa jambo lolote, sasa na hata baada ya seva kuwashwa upya, ibaki kuandika tu kwamba ingeizuia. Programu ambayo kila msimamizi anaiandikia nenosiri lake mara kadhaa kwa siku ndiyo waliyoitoa kwenye ulinzi, na getenforce, amri inayoonyesha hali ya SELinux kwa ujumla, bado inajibu Enforcing (inazuia), kwa hiyo mkaguzi anayeangalia neno hilo moja ataondoka ameridhika. Huku ni kudanganya mteja, na sina jina jepesi zaidi la kuliita jambo hili.

Nilipowabana, fundi wao alijibu kwamba basi wataitumia audit2allow kutengeneza moduli ya sera, yaani kanuni za ziada za SELinux. Hilo nalo nililikataa. Audit2allow husoma makatazo na kuyageuza kuwa ruhusa. Haijui kwamba chanzo ni lebo isiyo sahihi. Ingetoa kanuni ya kuiruhusu vlock_t kuandika kwenye mafaili ya var_log_t, na hiyo ndiyo lebo ya /var/log/messages na kumbukumbu nyingine nyingi. Najua kuna atakayesema kwamba vlock inaendeshwa kwa haki za mtumiaji wa kawaida, hivyo ruhusa za kawaida za mafaili zingeizuia. Ndugu yangu, udhibiti wa lazima kama huu wa SELinux uliwekwa kwa ajili ya siku ambayo ruhusa hizo za kawaida zitakosewa au kuvukwa. Ukiulegeza kwa kuegemea kwamba ngazi nyingine ipo, umebaki na ngazi moja.

Dawa yake ni hii, na haichukui dakika 5:

semanage fcontext -a -t faillog_t "/var/log/faillock(/.*)?"
restorecon -Rv /var/log/faillock
semanage permissive -d vlock_t

Amri 2 za kwanza zinatokana na takwa lililomo ndani ya STIG yenyewe, yaani ndani ya mwongozo ule ule waliolipwa kuufuata. Kipengele kinachodai saraka isiyo ya kawaida ya faillock ipewe lebo sahihi kimewekewa alama ya vema kwenye ripoti yao. Nimekisoma kwa macho yangu, kisha nikaendesha ls -Zd kwenye saraka ile na kukuta var_log_t. Sielewi mtu anawekaje alama ya vema mahali ambapo hakuangalia, tena kwenye kazi ya usalama, tena kwa fedha za umma.

Nimekataa kutia saini hati ya makabidhiano na nimeomba kazi yote ikaguliwe upya seva kwa seva, kwa sababu kila programu inayopitia pam_faillock imekuwa ikikutana na saraka hiyo hiyo yenye lebo mbaya, na sina sababu ya kuamini kwamba vlock ndiyo pekee iliyofanyiwa mchezo huu. Wakubwa zangu wananiambia nachelewesha malipo ya watu. Naomba mliowahi kusimamia mikataba ya aina hii mnieleze mliandikaje kifungu kinachomlazimisha mkandarasi kuleta matokeo ya semanage permissive -l, semodule -l (orodha ya moduli za sera) na ls -Z (lebo za mafaili) kutoka kila seva kabla ya malipo ya mwisho. Na ninyi mliokwisha kupokea seva zilizoimarishwa, ziendesheni amri hizo leo kabla hamjatoka ofisini, mniandikie hapa mlichokikuta.