Kupiga kambi siku nne pamoja na watoto: Ziwa Mburo au Mfereji wa Kazinga?

Mwalimu wa Jinja

Ndugu zangu, salaam. Mwaka huu tumeamua kulala kwenye mahema ndani ya hifadhi, jambo ambalo hatujawahi kulifanya. Tutakuwa watano: mimi, mume wangu, watoto wetu wa miaka 9 na 13, na wifi yangu ambaye atatoka Mombasa. Tuna siku nne pekee, pamoja na gari dogo la kawaida ambalo limezoea lami kuliko matope.

Shida ni kwamba kila mmoja ana haja yake. Mtoto wetu mkubwa, ambaye ni binti, ana daftari la ndege ambalo amelijaza kwa kuketi ukingoni mwa Nile kila Jumamosi, na sasa anataka ndege wa ziwani na wa kwenye mafunjo. Wifi anasema kwamba hawezi kusafiri kutoka pwani hadi Uganda akarudi bila kumwona simba. Mume wangu anauliza gharama tu. Je, twende Ziwa Mburo au tufike hadi Hifadhi ya Queen Elizabeth? Tusafiri likizo ya Agosti au baada ya Krismasi? Halafu, tafadhali msinicheke, ni salama kweli kulala katika hema la kitambaa mahali ambapo viboko hutoka majini usiku?

Nyonyi wa Mbarara

Mwalimu, karibu huku kwetu. Kwa siku nne, watoto wawili na gari la namna hiyo, jibu langu ni Mburo bila kusita. Kutoka Kampala ni kama kilomita 230, nyingi zikiwa za lami, kwa hiyo mkiondoka Jinja alfajiri mtasimamisha hema jua likiwa bado juu. Queen Elizabeth ni mbali zaidi, na siku mbili kati ya hizo nne zingeishia barabarani.

Hifadhi ya Mburo ni ndogo ukiilinganisha na nyingine, lakini ina maziwa matano ndani yake, na kati ya ziwa na ziwa kuna vinamasi vya mafunjo. Ndege wa huko hawaonekani kwa kupita haraka. Kodini nafasi kwenye boti ya asubuhi au ya jioni, mwombe nahodha apunguze mwendo karibu na matawi yanayoning'inia juu ya maji, kisha mtazame kivulini. Hapo ndipo hujificha ndege mmoja mwenye haya sana, mwenye umbo kama la mnandi, ambaye miguu yake ni ya rangi ya machungwa iliyokolea. Watazamaji hutoka nchi za mbali kwa ajili yake. Mimi nilikwenda mara tatu kabla ya kumwona, na alipotokea aliogelea kando ya boti kwa muda unaotosha kuhesabu hadi kumi, kisha akaingia chini ya majani. Kwazi hawana haya hata kidogo: huketi juu ya mti mkavu, hurusha kichwa nyuma na kulia mpaka ng'ambo ya ziwa mwenzake anaitika. Mwambie binti pia atafute ndani ya mafunjo ndege mwenye tumbo jekundu kama damu na utosi wa manjano, kwa sababu huyo haishi mbali na mafunjo, na mara nyingi utamsikia kabla hujamwona.

Kwa upande wa wanyama, mtawaona punda milia, pofu, nyati, ngiri na swala pala. Huyo swala pala watoto wamtazame kwa makini, maana jiji la Kampala lilipata jina kutokana naye, ingawa leo hakuna hata mmoja anayekula nyasi juu ya vilima vile. Twiga waliletwa kutoka Hifadhi ya Murchison mwaka 2015, na sababu moja ni kwamba tembo walikwisha kutoweka na migunga ikasambaa hadi kuziba mbuga, hivyo alihitajika mnyama wa kuila. Simba, dada, usimwahidi wifi. Hapa si mahali pake.

Kuhusu majira, nendeni baada ya Krismasi. Agosti pia ni kiangazi, lakini Desemba na Januari mvua hupungua na wakati huohuo ndege waliokimbia baridi ya Ulaya wanakuwa bado wako kwetu: mbayuwayu, vitwitwi na wengine wengi wa pembezoni mwa maji.

Dereva wa Kasese

Ndugu yangu wa Mbarara ametetea kwao vizuri, lakini amemnyima mgeni wa pwani simba wake. Nimewapeleka watu Queen Elizabeth kwa miaka mingi na ninasema hivi: mtu anayetaka ndege wa ziwani wengi kwa mkupuo mmoja, na anayetaka pia wanyama wakubwa, hana pa kwenda pazuri kuliko Mfereji wa Kazinga, ulio ndani ya hifadhi hiyo. Mfereji huo unaunganisha Ziwa George na Ziwa Edward, na safari ya boti kutoka Mweya huchukua kama saa mbili. Viboko wamelala kwa makundi kando ya maji, nyati wamejipaka matope, na kwenye mafungu ya mchanga wamesimama mwari, mnandi, korongo na yangeyange bega kwa bega kama abiria wa stendi. Ukibahatika utamwona ndege ambaye mdomo wake wa chini ni mrefu kuliko wa juu: huruka karibu sana na maji akiwa amefungua kinywa, na ule mdomo wa chini unachora mstari majini mpaka uguse samaki. Hifadhi hii ina zaidi ya aina 600 za ndege. Daftari la binti litahitaji kurasa za ziada.

Simba tunawatafuta asubuhi na mapema katika nyanda za Kasenyi, wanapowinda swala aina ya kobu. Wale wanaopanda mikuyu wako Ishasha, kusini kabisa, na ninakuomba usijaribu kwenda huko kwa gari lako, kwa sababu barabara ile ikipata mvua hata magari yenye nguvu hukwama, na kusukuma gari katika eneo la simba si mchezo wa familia.

Ninakubali kwamba siku nne ni chache. Kama mngepata sita, msingekuwa na haja ya kubishana.

Jambo la mume wako: malipo ya kuingia huhesabiwa kwa saa 24, basi ukiingia saa nane mchana unaweza kukaa mpaka saa nane ya kesho yake. Wengi huingia jioni, hulala, kisha hutumia asubuhi nzima iliyobaki. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiwango nafuu kwa shilingi, kwa hiyo wifi asisahau kitambulisho chake cha Kenya, la sivyo anaweza kuhesabiwa kama mtalii wa ng'ambo.

Mama wa Mpigi

Mwalimu, wanaume hawa wawili wamekupitisha mlangoni kwangu bila kukukaribisha. Ukitoka Kampala kuelekea Masaka, kinamasi cha Mabamba hakiko mbali na njia yako, na huko ndiko anakoishi korongo nyangumi. Lala Mpigi au Entebbe usiku wa kwanza, fika Mabamba saa moja asubuhi, panda mtumbwi, umalize kabla ya saa nne, kisha endelea na safari ya Mburo.

Mtumbwi hupenya kwenye vijia vyembamba vya maji, mafunjo yakikugusa mabega pande zote mbili. Ndege mwenyewe ni mrefu kama mtoto wako mdogo, rangi yake ni kama ya jivu, na mdomo wake ni kama kiatu cha mbao. Husimama bila kutikisika, akimsubiri samaki aitwaye kamongo apande juu kuvuta hewa, na unaweza kumtazama nusu saa nzima ukadhani ni sanamu. Zamani wavuvi walimchukia, wakiamini kwamba ukikutana naye asubuhi hutapata samaki, na baadhi yao walimuua. Siku hizi baadhi ya wavuvi wa Mabamba ndio wanaowapeleka wageni kumtazama.

Sasa lile swali lako la viboko, ambalo wote wamelikwepa. Kiboko hutoka kula nyasi na hufuata njia zake zilezile usiku hadi usiku. Hatari si kulala ndani ya hema, bali kutoka nje ovyo au kusimama kati yake na maji. Mwombe askari wa hifadhi akuonyeshe mahali pa kuweka hema, na ukiona mfereji wa udongo uliokanyagwa, wenye mifuo miwili sambamba inayoelekea ziwani, sogea mbali nao. Usiku wangu wa kwanza Mburo nilimsikia akikata nyasi hatua chache kutoka kichwani pangu, kwa sauti kama ya mtu anayechana nguo kuukuu polepole. Sikulala, lakini hakugusa hata kamba moja.

Wezi hasa ni ngiri na nyani. Niliacha mfuko wa unga wa posho ndani ya hema nikaenda kuoga, na niliporudi nilikuta ngiri amepiga magoti mlangoni, pua yake nyeupe. Chakula chote kikae ndani ya gari. Msivae nguo za bluu iliyokolea wala nyeusi mahali penye mbung'o, na watoto wasiogelee ziwani, kwa sababu ya kichocho na mamba.

Mwalimu wa Jinja

Asanteni sana. Tumekubaliana: usiku mmoja Entebbe, asubuhi Mabamba, kisha siku mbili Mburo, wiki ya kwanza ya Januari. Wifi amenuna kidogo, lakini aliposikia kwamba usiku askari wa hifadhi huweza kuwatoa wageni kwa gari kumtafuta chui, amesema atafikiria. Swali la mwisho: mahema tukodi Kampala au tununue?

Nyonyi wa Mbarara

Kodini, lakini msilipe kabla ya kulisimamisha hema palepale uani na kulimwagia ndoo ya maji. Mimi niliwahi kukodi la duka moja ambalo sitalitaja, nikagundua saa sita za usiku, mvua ikinyesha, kwamba zipu haifungi na vigingi ni vitatu.

Mama wa Mpigi

Na vigingi vihesabiwe, Mwalimu. Hata ukisahau darubini, mtoto ana macho.