Kitanda cha mninga kigeuke benchi la barazani: nianzie wapi?

Binti_Kihonda:

Habari za jioni wakuu. Jirani yangu hapa Kihonda, Morogoro, kahamishwa kikazi, akaniuzia kitanda chake cha mninga, futi nne kwa sita, shilingi 70,000. Sikihitaji kulalia. Nataka kiwe benchi la barazani la mama. Magoti yanamsumbua. Jioni hukaa kwenye kigoda akichambua mchele, na akitaka kuinuka lazima aite mtu. Juzi nilimkuta kashika nondo za dirisha anajivuta mwenyewe. Iliniuma sana.

Nina ubao wa kichwani wenye kimo cha sentimita 105, wa miguuni sentimita 72, mbao mbili za ubavuni na chaga 11. Fundi mmoja kaniambia nikiuze ninunue benchi jipya la msonobari. Moyo umekataa. Vifaa ni msumeno, nyundo na keekee ya kuazima. Naombeni ushauri.

Seremala_wa_Keko:

Mwanangu, usikiuze. Nimeshika randa Keko, Dar es Salaam, miaka 31 kabla mgongo haujanistaafisha, na mninga mkavu wa namna hiyo siku hizi unautafuta kwa tochi. Mninga ukishakauka hautikisiki: haujikunji wala haupasuki kwa jua la barazani. Msonobari unaouzwa mtaani mara nyingi bado una maji. Unaunga leo, baada ya miezi miwili benchi limepinda.

Sasa sikiliza. Ubao wa kichwani usiuguse, huo ndio mgongo wa benchi. Ubao wa miguuni ndio utakaokatwa. Anzia kwenye mguu wa kulia, pima sentimita 50 kuelekea katikati, kata. Fanya hivyo hivyo kushoto. Umepata mikono miwili, kila mmoja na mguu wake wa mbele, na ule upande uliokatwa utaegemea mguu wa ubao wa kichwani. Mbao za ubavuni zina futi sita kila moja: moja itoe futi nne ya mbele, ya pili futi nne ya nyuma, vipande vinavyobaki vitafunga pembeni kulia na kushoto. Huna haja ya kununua hata ubao mmoja.

Chaga usizilaze kwa urefu wa benchi. Futi nne bila kitu cha kushikilia katikati zitabonyea. Zikate, uzilaze kutoka mbele kwenda nyuma, uache nafasi ya upana wa kidole ili maji ya mvua yapite. Kila chaga itakupa vipande viwili, kwa hiyo una 22. Zikiwa na upana wa sentimita saba hutatumia zaidi ya 15 au 16. Chagua zisizo na fundo.

Kimo ndicho usikosee, maana ndicho kitakachomsaidia mama. Benchi la kawaida ni sentimita 45. Mketishe mama kwenye kiti, mpime kutoka unyayo hadi nyuma ya goti, kisha ongeza sentimita tano. Akiwa chini sana, goti hukunjwa mno na ndilo linalobeba mzigo wote wa kuinuka. Na hiyo mikono usikubali mtu akuambie ni urembo. Atasukuma kwa viganja ainuke, kwa hiyo viungo vyake viwe imara kuliko vyote.

Misumari usitumie. Mninga ni mgumu, ukiupigia msumari karibu na ncha utapasuka. Toboa kwanza kwa keekee, kisha tumia bolti na nati kwenye miguu, skrubu kwenye chaga. Na ufunge kitambaa puani unapopiga msasa, vumbi lake linawasha kifua.

MamaTwaha_Tanga:

Bibie, kabla hujakiingiza ndani, kikague kunguni. Mimi nilinunua kitanda mnadani nikakiweka chumbani siku hiyo hiyo, nikahangaika miezi minne. Wanajificha kwenye matundu ya bolti na pale ulimi wa ubao unapoingia kwenye tundu lake. Kifungue chote, mwagia maji yanayochemka kwenye kila ufa, kianike hadi kikauke kabisa. Mafuta ya taa usitumie, harufu haitoki na ni hatari ya moto.

Binti_Kihonda:

Asanteni sana. Mama Twaha, Mungu akubariki: walikuwemo, kwenye tundu moja la kichwani. Nimerudia maji ya moto mara mbili. Baba, nimempima mama, ni sentimita 44, kwa hiyo nafanya 49. Ila kwenye mguu mmoja kuna ukanda mweupe wenye vitundu na unga laini. Mguu wote utupwe?

Seremala_wa_Keko:

Usitupe. Huo mweupe ni mbao ya nje ya mti, ile iliyo chini ya gome, vidudu wanaupenda. Moyo mwekundu hawauwezi kirahisi. Kwangua weupe wote kwa patasi mpaka ufike pagumu, kisha paka dawa ya mbao. Chini ya miguu funga kwa skrubu vipande vya tairi kuukuu, ili miguu isinywe maji ya sakafuni. Vanishi ya nje, paka mara tatu, na msasa laini kabla ya kila mara inayofuata.

Binti_Kihonda:

Wakuu, limekamilika jana. Siku nne, na bolti 12 za kununua. Mama kakaa na ungo wake tangu alasiri, magharibi ilipoadhiniwa nikamwona kaweka viganja kwenye mikono ya benchi, kainuka, kaingia ndani kutawadha. Hakuita mtu. Nilisimama pale uani nikalia.

Mkono wa kushoto unacheza kidogo ukiusukuma kwa nguvu. Baba, nikaze bolti zile zile au niongeze moja chini?

Seremala_wa_Keko:

Ongeza moja chini, mwanangu, na uweke washa pana, vile visahani vya chuma vyenye tundu, pande zote mbili. Fanya leo, kabla mama hajakaa tena.