Daktari wa afya kazini: kiwandani, kwenye ukaguzi au kwenye utafiti?

TabibuWaWodi: Ndugu zangu, baada ya miaka sita wodini nataka kuhamia fani ya afya ya kazi na mazingira. Nimepata nafasi ya udaktari wa kiwanda, lakini nafikiria pia idara ya ukaguzi ya serikali, au utafiti wa uchafuzi chuoni. Naomba walio ndani wanieleze kazi yenyewe ilivyo, kwani habari za mishahara nimeshazisikia za kutosha.

Karakana: Mimi niko kiwandani, na si zahanati ya kugawa dawa za kichwa. Mwaka jana kipimo cha usikivu cha fundi mmoja wa kukata vyuma kilishuka ghafla kwenye sauti nyembamba za hezi 4,000, kisha kikapanda tena kwenye hezi 8,000, jambo linaloashiria kelele zaidi kuliko uzee. Yeye mwenyewe hakuwa na lalamiko lolote, maana sehemu kubwa ya maongezi iko chini ya masafa hayo. Nilipoteremka karakana nilikuta viziba masikio vyake vimetundikwa msumarini, kwa sababu akivivaa haisikii mashine inapoanza kukwaruza. Tukaijengea mashine kasha la kumeza sauti. Viziba masikio ni kinga ya mwisho, si ya kwanza. Raha ya kazi hii ni kumwona mtu kabla hajawa mgonjwa, na ugumu wake ni kwamba anayekulipa ndiye mwenye mashine.

Mkaguzi2: Hapo mwishoni ndipo penye kiini. Mkataba Na. 161 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1985 unataka watoa huduma za afya kazini wawe huru kitaalamu mbele ya mwajiri na wafanyakazi, lakini mimi niliacha udaktari wa kiwanda baada ya kutakiwa nimkabidhi meneja majibu ya vipimo vya madini ya risasi katika damu yakiwa na majina ya watu. Ukaguzini sheria iko nyuma yako, ingawa unapita mara chache na humfuatilii mgonjwa mmoja kwa miaka. Daktari, kabla hujasaini, uliza ufunguo wa kabati la mafaili anao nani.

Zebaki: Kwa upande wa mazingira, someni habari za Minamata, Japani, ambako watu waliugua kwa kula samaki wenye zebaki iliyotoka kiwandani. Aliyetoa taarifa ya ugonjwa ule mwaka 1956 alikuwa Hajime Hosokawa, mkuu wa hospitali ya kiwanda chenyewe. Mwaka 1959 alimlisha paka chakula kilichochanganywa na majitaka ya kiwanda, paka akaugua vilevile, naye akazuiwa kuendelea na matokeo yakafichwa. Aliyatolea ushahidi wa kesi mwaka 1970, akiwa mgonjwa kitandani. Sisi watafiti tuna uhuru wa kuchapisha, ila hatuingii getini bila ruhusa, na mara nyingi takwimu zetu hukamilika watu wakiwa wameshaumia.

TabibuWaWodi: Nimeuliza. Ufunguo uko kwa ofisa rasilimali watu. Nimewaandikia kwamba sitasaini mpaka kabati lihamishiwe chumba cha daktari. Wakikataa, nitatuma maombi ukaguzini.