Pii pufa hali chakula cha paketi, nimpe nini?

Samaki_Sinza:
Habari zenu wadau. Nimenunua pii pufa mmoja, wale samaki bunju wadogo wa manjano wenye madoa meusi, nimemweka kwenye tangi la lita 20 pamoja na gapi kadhaa (wale samaki wadogo wenye mikia mirefu). Muuzaji kanipa chakula kikavu cha paketi na kanambia niweke chumvi kwa sababu eti bunju wote ni wa baharini. Sasa chakula anakitazama tu kinazama wala hakigusi, tumbo limeingia ndani, na gapi mmoja mkia umeliwa nusu. Huyu samaki nampenda sana jamani, macho yanazunguka kila moja kivyake, ukipita anakufuata pembeni ya kioo, sitaki afe. Nifanyeje?

Kiogajini:
Pole sana mkuu. Kwanza chumvi acha, ipunguze kwa kubadilisha maji kidogo kidogo. Huyu si wa baharini, kwao ni mito ya Kerala kule kusini magharibi mwa India, mto Pamba na mingineyo, maisha yake yote ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Pili hao gapi watoe leo hii, pufa ana meno makali na mapezi marefu ndo anayapenda hasa, hawezi kuacha. Lita 20 inamtosha yeye peke yake, ukitaka kundi tafuta tangi kubwa, na usiweke madume wengi maana wanapigana mpaka kuuana (dume mkubwa anakuwa na mstari mweusi katikati ya tumbo).
Chakula ni kitu kinachotikisika. Viluwiluwi wa mbu, dafnia (vijidudu vidogo vya majini), minyoo myekundu ya kugandishwa ukiipata, na konokono wadogo. Konokono ni muhimu kwa sababu meno yake hayaachi kukua, gamba linasaidia kuyapunguza.

Bi_Konokono:
Naongezea kwa Kiogajini, konokono msiokote kwenye madimbwi na mifereji!! Huku kwetu konokono wa maji baridi ndo wanaobeba kichocho na wewe mkono unauingiza tangini kila siku ukisafisha. Omba wachache kwa mtu anayewafuga kwenye akwaria yake, waweke kwenye ndoo na kipande cha tango, watazaliana wenyewe mpaka uchoke.
Viluwiluwi nao ndoo ifunike kwa neti na uwavue kila siku, mbu akiruka hapo unawaletea majirani dengi.

Samaki_Sinza:
Asanteni mno. Gapi nimeshawahamisha. Jirani ana viluwiluwi kwenye pipa lake, nimetia watatu tu, kawafuata kama chui, wote kawala!! Swali la mwisho, filta ninayo ya sponji ila tangi ni jipya kabisa, kuna shida?

Kiogajini:
Hapo ndo pa kuangalia sana. Tangi jipya halina bakteria wa kutosha wa kula amonia (sumu inayotoka kwenye uchafu wa samaki), inachukua wiki nne mpaka sita kukomaa, na pufa hana magamba ya kawaida, maji machafu yanamuumiza upesi. Ukimjua mtu mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima muombe sponji yake iliyotumika uiweke kwako, inasaidia mno. Mabaki ya chakula yatoe siku hiyohiyo. Badilisha kama robo ya maji kila baada ya siku mbili tatu kwa sasa, ya bomba yaache usiku kucha kwenye ndoo wazi klorini itoke, au tumia dawa yake.
Weka mimea mingi, kuvumwani na majani marefu, anapenda kuchungulia na kuvizia, tangi tupu linamfanya aende juu chini kwenye kioo siku nzima. Na ukitaka kumhamisha usitumie neti, mchote na kikombe pamoja na maji, akitolewa nje akivimba anameza hewa na inaweza kumuua.

Bi_Konokono:
Tumbo likiendelea kuingia ndani na anakula vizuri basi huenda ni minyoo ya tumboni, pufa wengi wamevuliwa mitoni wanakuja nayo. Tuwekee picha wiki ijayo tumuone.