Kujaza upya risasi za bastola nyumbani: mashine ipi inafaa kuanzia?

Swali: Ndugu zangu, ninaishi Texas, ambako sheria hainizuii kujaza upya risasi kwa matumizi yangu mwenyewe, nami nimekusanya maganda mengi ya milimita 9. Je, ninunue mashine ya hatua moja (inayofanya kazi moja tu kila unapovuta mpini) au ile inayofanya hatua zote kwa mfululizo?

Jibu la kwanza: Ndugu, chukua ya hatua moja. Ni ya polepole, ila inakuwezesha kupanga maganda hamsini kwenye kibao na kumulika tochi ndani ya kila moja kabla ya kupachika kichwa cha risasi, kwa kuwa baruti iliyotiwa mara mbili inaweza kupasua bastola. Kipimo cha baruti kitoke kwenye kitabu cha mtengenezaji, ukianzia kiwango cha chini.

Jibu la pili: Naongezea kwamba ganda lisilo na baruti nalo ni hatari, maana fataki (kiwashio kilicho kwenye kitako cha ganda) peke yake inaweza kusukuma kichwa kikakwama mtutuni. Ukisikia mlio hafifu, acha kupiga papo hapo na ukague mtutu.

Jibu la tatu: Kuuza risasi ulizojaza kunahitaji leseni ya serikali ya shirikisho. Halafu nawa mikono kabla ya kula. Vumbi la madini ya risasi ni sumu.