Mrejesho: mradi wa njia ya kiti cha magurudumu tumeuwasilisha

Wakuu, wiki tatu zilizopita nililia hapa kwamba kundi letu la watu watano limekwama: mchoro haujaisha, wawili hawaonekani, siku ya kuwasilisha imekaribia. Asanteni sana, tumemaliza.

Aliyetuokoa ni yule aliyesema tuache kuchora, tukapime kwanza. Ngazi za mlangoni, ambazo njia hiyo inachukua nafasi yake kwa mwenye kiti, zina kimo cha sentimita 45. Kwa mteremko wa 1:12 (kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu) njia inahitaji mita 5.4, na sisi tulichora mita 3! Kiti kingepandaje pale? Tukaikunja katikati, tukaweka sehemu tambarare ya kugeukia, kisha tukatengeneza mfano wa kadibodi kwa kipimo cha 1:10. Walimu waliushika na kuugeuzageuza. Slaidi hawakuzijali sana.

Ushauri wa kumpa kila mtu kipande chake kwa maandishi ulisaidia nusu. Mmoja alirudi, mwingine kimya hadi leo (sehemu yake ya gharama niliiandika mimi usiku wa manane, na inaonekana). Mazoezi ya kuhesabu dakika tulifanya mara moja tu, kwa hiyo tulikatizwa kabla ya hitimisho. Tumefaulu, ila alama za uwasilishaji zimetuangusha kidogo.